Samli Isiyochacha

Siku niliyokwenda kujitambulisha kwa mama yake Bujiku nilibeba vitu viwili: tenga la nyanya za Ilula na kijisanduku cha buluu cha barafu. Nyanya zilikuwa zawadi kutoka kwa mama yangu. Kijisanduku hakikuwa zawadi, na ilinipasa niseme hivyo mara tu nilipoingia uani kwao. Sikusema. Leo namshukuru Mungu kwa kunifunga mdomo, ingawa siku ile niliomba ardhi ya Rujewa ipasuke niingie.

Bujiku alinipokea njia panda saa saba mchana. Alikuwa amevaa shati jeupe nililomnunulia mimi, amelipiga pasi mpaka mikono imesimama, na mtu anayeshinda kwenye vumbi la mashine ya mpunga haikosi alikuwa ameoga mara mbili. Akanitazama. Nami nikamtazama. Watu wa bodaboda wakaanza kukohoa kohoa.

"Umechelewa," akasema mwishowe.

"Gari lilipata pancha Chimala. Nisalimie kwanza, we mwanaume."

"Umependeza, Tekla."

"Hiyo nayo ni salamu, naipokea."

Akacheka, akafunga tenga nyuma ya pikipiki. Alipogusa kijisanduku nikakivuta.

"Hicho nakishika mwenyewe. Ni cha kazini. Kuna mama mmoja hapa Rujewa anaitwa Sekela, nampelekea mzigo wake. Tupitie kwake kwanza, dakika tano tu."

"Chakula kimeshapakuliwa. Mama yangu akishapakua hamsubiri hata askofu. Tutapita tukitoka."

"Bujiku, nilimwahidi."

"Tukitoka, mpenzi. Nakuomba."

Akiniita mpenzi huwa nalegea, na yeye analijua hilo. Nikapanda. Njiani nikamuuliza jambo lililokuwa linanikaba tangu Mbeya.

"Mama umemwambia nafanya kazi gani?"

"Nimemwambia uko hospitali."

"Hospitali nafanya nini?"

"Unapima."

"Napima nini?"

Akaongeza mwendo, akajidai upepo umemzuia kusikia. Hapo ningemwambia asimamishe pikipiki, lakini mapenzi yana ujinga wake.

Kazi yangu ni kulea seli. Ndani ya kila mshipa wa damu kuna seli zilizopangwa safu moja, moja tu, zimetandikwa kama vigae vya sakafuni. Hizo ndizo zinazoulinda mshipa usizibe. Watu wanaiogopa kolesteroli kwa jina lake, lakini inayoziumiza zaidi seli hizo ni ile iliyochacha humo humo ndani ya damu. Mimi natafuta namna ya kuzikinga. Seli za kufanyia majaribio haziuzwi soko la Mwanjelwa. Tunazitoa ndani ya mshipa wa kitovu cha mtoto aliyezaliwa sasa hivi, ule ugwe mrefu unaomwunganisha na mamake, ambao kwa kawaida hutupwa. Mama anaombwa, akikubali anatia sahihi.

Sekela alikubali, lakini kwa sharti. "Chukueni hizo seli zenu," aliniambia akiwa bado kitandani. "Kinachobaki kirudi nyumbani. Mama yangu hatanielewa." Nikamwahidi. Bosi wangu, Daktari Zabron, iliwabidi yeye na kamati ya maadili waandikiane barua miezi miwili mpaka nikaruhusiwa. Na hicho kilichobaki ndicho kilichokuwa kwenye kijisanduku, ndani ya chupa safi, nimeifunga kwa kitambaa cheupe.

Bujiku nilimpata huko huko maabara. Kolesteroli ya kuchezea tunaitenga kutoka kwenye damu ya watu wanaojitolea, na yeye alikuja kujitolea. Penye fomu palipoandikwa sababu, aliandika neno moja: Baba. Mzee Shadrack alidondoka shambani kwake akivuna mpunga, moyo, akafa kabla ya kufikishwa kituo cha afya. Basi nikamchoma sindano mwanaume mwenye mabega ya kubeba gunia mbili, akazimia. Alipozinduka, swali lake la kwanza lilikuwa, "Imetosha?" Tangu siku ile sikuwahi kumwangalia mwanaume mwingine mara mbili.

Nyumba yao iko ukingoni mwa mji, mpunga unaanzia nyuma ya zizi. Mama Mbuke alikuwa amesimama mlangoni, mrefu, mwembamba, kanga mpya kiunoni, macho yake yametulia juu yangu tangu mbali. Nikapiga magoti, nikamwamkia mama kwa Kisukuma.

"Mwadila, mayu."

"Mwadila." Akaniinua mkono. "Nani amekufundisha?"

"Bujiku. Amenifundisha na wabeja."

"Basi wewe utaishi," akasema. "Anayejua kusalimu na kushukuru anaishi popote. Ingia, binti."

Aliniita binti. Sikuona ubaya. Dada yake Bujiku, Yunisi, msichana wa miaka ishirini asiyeweza kukaa kimya hata akilipwa, akanipokea mizigo yote miwili kwa mkupuo. "Wifi, karibu! Jamani nyanya, angalia zilivyojaa!" Nikafungua mdomo kumwambia kuhusu kijisanduku, lakini Mama Mbuke alikuwa ananinawisha mikono, na mtu hamkatizi mkwe anayemmiminia maji.

Tukala wali, kuku, na mchicha uliotiwa samli iliyonukia mpaka uani. Mama hakugusa mchicha.

"Watu wa hospitali hawali samli," akaniambia, kama anayenipima.

"Mimi nakula, mama. Kiasi."

"Unakula." Akarudia lile neno taratibu, akaangalia pembeni. Bujiku akanikanyaga mguu kidogo chini ya meza, akatabasamu. Moyo wangu ulijaa. Nilijiona tayari nimeketi pale miaka kumi, namwongezea mama wali, nagombana na Yunisi kuhusu chumvi.

Ndipo ukasikika ukelele jikoni.

"Mamaaa! Mama njoo uone!"

Tulikimbia wote. Kijisanduku kilikuwa juu ya kigoda, mfuniko uko chini, kitambaa changu cheupe kimefunguliwa. Yunisi alikuwa ameegemea ukuta, mikono kichwani.

"Nilidhani ni samaki wa Kyela," akasema akilia. "Nilidhani amemletea mama samaki, nikasema niwahi kumkaanga."

Mama Mbuke akainama akaangalia ndani ya chupa. Mwanamke aliyezaa watoto sita hahitaji kuelezwa. Kitu cha kwanza alichofanya, alivua mtandio wake begani akaifunika ile chupa, polepole, kama anamfunika aliyelala. Kisha akanigeukia.

"Hii ni ya mtu?"

"Ndiyo, mama."

"Ya mtoto?"

"Ndiyo, mama."

"Mtoto yuko hai?"

"Yuko hai, mama, mzima kabisa. Ana miezi mitatu."

Akashusha pumzi. Halafu sauti yake ikabadilika.

"Bujiku. Uliniambia binti anapima."

"Anapima, mama."

"Anapima vitovu vya watoto wa watu?"

Bujiku akaangalia viatu vyake. Mimi nikaanza kueleza, na nilieleza vibaya: mshipa, seli, sahani, utafiti, maneno yakatoka yamekimbizana, na kila nilipoongeza moja uso wa mama ulizidi kufungika.

"Kwetu kitovu hakitembei barabarani," akanikata. "Kinazikwa nyumbani, na bibi. Anayekwenda na kitovu cha mtoto wa mwenzie kwenye mkoba, huyo tunamjua ni mtu wa namna gani. Na wewe umekiingiza jikoni kwangu, siku ya kwanza."

"Mama, mimi si..."

"Sijasema wewe ni nani. Nimesema tunamjua."

Nikamgeukia Bujiku. Hasira yangu yote ikawa kwake, maana mama wa watu alikuwa na haki yake.

"Sema basi! Ulizimia kwa ajili ya kazi hii. Miaka miwili unaijua. Leo huna ulimi?"

Akainua uso. Macho yalikuwa mekundu. "Mama, nilikuficha mimi, si yeye. Alitaka apitie kwa mwenye mzigo kwanza, nikamkatalia. Niliogopa ukisikia kazi yake utamkataa kabla hujamwona."

"Sasa nimemwona," akasema Mama Mbuke.

Maneno mawili tu. Yalinichoma kuliko matusi. Nikajua hapo ndipo mwisho, kwamba mwanaume yule wa shati jeupe nitamwacha kwenye jiko lile lile, na nyanya za mama yangu zitaliwa na watu ambao hawatakuwa ndugu zangu.

Mama akachukua kijisanduku, akafunga mfuniko juu ya mtandio wake, akakitwika kichwani. "Mambo ya ndoa tutaongea, au hatutaongea. Kwanza hiki kirudi kwao. Mwenyewe anakaa wapi?"

"Karibu na ofisi ya kata, mama. Naweza kukibeba."

"Utanionyesha njia. Bujiku, baki."

Tukatembea wawili. Alitangulia hatua moja, shingo imenyooka, na mimi nyuma yake najifuta machozi kwa ukingo wa gauni langu la kitenge nililoshona kwa ajili ya siku ile. Tulipita kwenye mifereji ya maji ya mpunga, watu wakamsalimu, akawajibu wote kwa upole. Mimi sikuwa na upole wowote uliobaki. Nilikuwa nahesabu vitu nitakavyovikosa: Bujiku anavyonipigia simu asubuhi kabla hajawasha mashine, anavyotamka jina langu, harufu ya pumba kwenye kola yake.

Nyumbani kwa Sekela tulimkuta bibi wa mtoto, Mama Tusajigwe, amekaa kwenye kigogo nyuma ya nyumba, jembe mapajani. Mbele yake, chini ya mgomba, palikuwa na shimo dogo limeshachimbwa. Aliponiona akasimama haraka kuliko umri wake.

"Sekela! Sekela, amekuja! Si nilikuambia?" Kisha akanishika mikono yote miwili, akanishukuru kwa Kinyakyusa. "Ndaga fijo, mwanangu. Ndaga fijo. Tangu asubuhi nimekaa hapa. Majirani wananicheka, wanasema wewe bibi umerogwa, mtu wa hospitali gani anarudi na kitu hicho? Nikawaambia huyu alisema Jumamosi, na Jumamosi haijaisha."

"Samahani, mama, nimechelewa."

"Umechelewa nini? Umekuja."

Mama Mbuke akashusha kijisanduku kichwani. Mama Tusajigwe akampokea kwa magoti, na Mama Mbuke naye akapiga magoti, kwa hiyo wakawa wanasalimiana huko huko chini.

"Wewe ndiye mama yake?" akauliza Mama Tusajigwe. "Umezaa mtu mwenye neno lake."

Nikatazama ardhi.

"Namjua leo tu," akajibu Mama Mbuke.

"Haya, basi mimi nimekutangulia. Mimi namjua miezi mitatu." Akacheka, meno mawili yakaonekana. "Nisaidie, mwenzangu. Shika kitambaa huku, mikono yangu inatetemeka."

Wakafanya kazi ile pamoja, kina mama wawili waliokuwa hawajawahi kuonana, mmoja akishika kitambaa, mwingine akisukumia udongo. Sekela akatoka na mtoto mgongoni, akaniambia jina lake ni Anjela. "Umetumia seli zake?" akanong'ona. "Zilifanya kazi?" Nikamwambia zilikua vizuri kuliko zote tulizowahi kulea, na kwa sababu ya mwanawe nimepata majibu niliyoyatafuta mwaka mzima. Nikamshukuru. Alifurahi kama mzazi aliyeambiwa mwanawe ameongoza darasa. Nilipogeuka nikamwona Mama Mbuke bado amechuchumaa kwenye ule udongo, amebandika kiganja chake juu yake, na hana dalili ya kuinuka.

Wakati wa kurudi alikaa kwenye tuta la mfereji bila kuniambia. Nikakaa pia, mbali kidogo.

"Bujiku alizaliwa kwa kisu," akasema. "Mbeya. Wengine wote nilijifungulia nyumbani, yeye alinishinda. Nilipozinduka niliuliza, kitovu kiko wapi, nikizike. Nesi alicheka. Akawaita wenzake waje wasikie, wakacheka wote. Kilikuwa kimeshatupwa. Miaka thelathini na moja sijui mwanangu amezikwa wapi upande mmoja." Akapangusa mikono iliyokuwa na udongo. "Leo nimekizika. Si chake, lakini nimekizika."

Nikasema neno la shukrani la Kisukuma nililofundishwa na Bujiku. "Wabeja, mayu."

"Unanishukuru nini?"

"Kwa kukifunika. Pale jikoni. Kabla hujaniuliza chochote, ulikifunika."

Kisha akasogea karibu.

"Hebu nieleze vizuri. Jikoni ulikuwa unaongea kama redio iliyokosa betri. Hizo seli unazifanyia nini?"

Nikafikiri namna ya kumweleza, nikakumbuka mchicha. "Mama, samli yako haichachi?"

"Samli yangu?" Akaguna kwa dharau. "Ya kwangu inakaa mwaka."

"Ya wengine inachacha kwa nini?"

"Msomi mzima hujui?"

"Nifundishe."

"Wanaacha hewa juu yake. Wanaiweka juani. Au wanaitia kwenye kopo lenye kutu. Mimi najaza kibuyu mpaka mdomoni, naziba, naweka gizani. Mafuta yana maadui wake watatu: hewa, jua na chuma."

Nilishika kichwa. Hewa, mwanga, chuma. Ilinichukua nusu mwaka kuyasoma hayo, na yeye ameyasema akiwa amekaa kwenye tuta.

"Mama, hayo hayo ndiyo yanayotokea ndani ya damu. Kuna mafuta yanasafiri humo, yanaitwa kolesteroli. Yakichacha, yanazichubua zile seli za ndani ya mshipa. Mshipa ukichubuka, unaanza kuziba. Mimi naichachua kolesteroli makusudi, naitia shaba na kuiacha na hewa, halafu naimimina juu ya seli."

"Unaiharibu makusudi?"

"Makusudi, ili nijue cha kuzikinga. Seli nyingine nazitangulizia kitu kinachotoka kwenye maganda ya nyanya, ule wekundu wake. Nyanya ni za mama yangu, Veneranda, anazilima na kuziuza barabarani Ilula. Seli zilizotanguliziwa, zinazokufa ni chache."

"Kwa hiyo nyanya ni dawa."

"Hapana, mama. Kwenye sahani zinasaidia. Ndani ya mtu bado sijui. Sitaki nikudanganye."

Maji ya mfereji yalikuwa yanapita taratibu.

"Siku baba yake Bujiku alipofariki," akasema, "daktari aliyeupokea mwili alinipita kwenye korido. Nikamuuliza, amekufa na nini? Akasema, mafuta. Neno moja, akaenda zake. Na nani alikuwa anampa mafuta? Mimi. Kila siku, kijiko juu ya ugali, kwa mapenzi. Miaka sita natengeneza samli ya kuwalisha watu, mimi siionji. Sijamwambia mtu. Hata Bujiku."

Nikaelewa kwa nini hakugusa mchicha. Nikaelewa na yale maneno yake mezani.

"Mama, baba alikuwa anavuta sigara?"

"Tangu ujana. Kutwa pakiti."

"Na presha?"

"Vidonge alipewa. Viliota vumbi dirishani, mwanaume yule alikuwa mbishi."

"Moshi wa sigara unachachua mafuta ndani ya damu. Presha inachubua mshipa. Samli ikizidi nayo si nzuri, sitakudanganya hapo pia. Lakini mtu hafi kwa kijiko cha mkewe. Yalikuwa mambo mengi, mama, na mengi hayakuwa mkononi mwako. Yule daktari alikuwa na haraka. Alikupa neno moja mahali palipostahili saa nzima."

Mama Mbuke akajifunika uso kwa kanga. Alilia bila sauti, mabega tu, na mimi nikamshika mgongoni, nikaogopa atanitoa mkono. Hakunitoa. Tulikaa hivyo mpaka ng'ombe wakaanza kurudi, akapenga kamasi, akasema kwa sauti yake ya kawaida, "Twende. Yule mtoto atakuwa ameshakufa kwa wasiwasi."

Bujiku alikuwa amesimama njiani, shati jeupe limelowa lote mbele. Akachukua kijisanduku kitupu mkononi mwangu bila kuuliza, akaenda nacho bombani. Alikisugua kwa sabuni, akakisuuza, akakisugua tena. Mwanaume anayezimia akiona sindano. Nikamfuata.

"Nisamehe," akasema bila kugeuka. "Nilikuonea aibu mbele ya mtu ninayemheshimu, na hukustahili. Kazi yako naipenda, Tekla. Nilikuwa mwoga."

"Ulikuwa mwoga sana."

"Sana. Ukiniacha nitaelewa."

"Umekiosha mara ngapi hicho?"

"Mara tatu."

"Basi kinatosha. Kitatoboka."

Akageuka. Alikuwa na povu mpaka kwenye nyusi. Nikampangusa kwa kidole gumba, akaushika mkono wangu akaubana shavuni pake, na sijui tungesimama pale muda gani kama Yunisi asingekohoa mlangoni. Yule msichana alikuja akanikumbatia mwenyewe, akaniomba radhi, kisha akaniuliza kama kweli seli zinapumua.

Wakati wa kuondoka, Mama Mbuke alitoka ndani na kibuyu kidogo cheusi, kinang'aa kwa ukale, kimezibwa kwa gunzi la hindi. Akakiweka mwenyewe kwenye kijisanduku cha buluu.

"Samli ni yako. Ule kiasi, kama ulivyosema. Leo nitaionja na mimi. Lakini kibuyu ni changu, nakitaka. Na asikirudishe mwingine. Akirudishe mama yako wa Ilula, nimwone aliyelima nyanya hizi. Umesikia, ng'wanone?"

Nilipanda pikipiki. Tulipofika njia panda Bujiku akazima injini.

"Nieleze taratibu. Amekubali au hajakubali?"

"Hakusema hivyo. Amesema anataka kibuyu chake. Mama yangu ndiye akirudishe."

"Kibuyu kipi?"

Nikafungua kijisanduku. Bujiku akakiangalia, akavua kofia yake ya pikipiki.

"Hicho alipewa na bibi yake siku anaolewa. Walihama nacho kutoka Shinyanga, mama kakipakata njia nzima. Tangu hapo hakijawahi kutoka mlangoni." Akanigeukia. "Na amekuitaje? Mwisho, pale mlangoni?"

"Ng'wanone."

"Unajua maana yake?"

"Nimekisia."

"Mwanangu," akasema, akageukia barabarani akajidai anatafuta gari langu.

Simu yake ikaita. Akasikiliza, akanipa. "Anakutaka wewe."

"Tekla," Mama Mbuke alikuwa anapiga kelele, kama wanavyofanya watu wasioiamini simu. "Nimesahau jambo. Ukija kunizalia mjukuu, najua hutaacha kuchukua hizo seli zako. Chukua. Lakini kinachobaki kirudi hapa, umesikia? Nimeshachagua na mahali. Cha Bujiku sikukizika. Cha mwanawe nakizika mimi."

Gari la Mbeya lilikuwa linapunguza mwendo, na Bujiku alikuwa ananiuliza kwa macho, mama amesema nini, amesema nini. Nililia mbele ya wale watu wote wa bodaboda.

"Wabeja, mayu," nikamwambia. "Kitarudi."